Tumemnyima Mgeni Jembe, Kisha Tukamwita Haramu

Kila baada ya muda, habari ya aina moja hurejea katika magazeti na redio zetu. Polisi wamefanya msako mtaani. Wahamiaji haramu kadhaa wamenaswa. Watafikishwa mahakamani, kisha watarudishwa kwao. Aghalabu habari hiyo huwa fupi. Haina majina, wala haielezi watu hao walikuwa wakifanya kazi gani asubuhi ya siku waliyokamatwa. Nasi wasomaji huipitia upesi, tukafungua kurasa za michezo.

Kazi ya mwalimu wa isimu ni kusimama pale ambapo wengine hupita. Naomba tusimame kwenye maneno mawili ya habari hiyo: "kunaswa" na "haramu". Anayenaswa, kwa asili ya neno, ni mnyama aliyekanyaga mtego au samaki aliyeingia wavuni. Ama "haramu" ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu pamoja na uzito wake wa kidini: ni lililokatazwa, kinyume cha halali. Kwa desturi ya lugha yetu, sifa hiyo hupewa kitu au tendo. Nyama fulani huwa haramu. Riba huwa haramu. Pombe inayopikwa kisirisiri kando ya mto magazeti huiita pombe haramu. Mtu mwenyewe hakuwa haramu, isipokuwa katika neno moja la zamani, "mwanaharamu", aliloitwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Mtoto huyo alibebeshwa lawama ya tendo ambalo hakulitenda. Leo neno hilo ni tusi, na Katiba ya 2010 imempa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au la. Tumemvua mtoto vazi hilo la aibu. Lakini badala ya kulichoma moto, tumemvika mgeni.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya kamusi tu. La hasha. Jina tunalompa mtu ndilo huamua swali tutakalouliza juu yake. Tukisema kwamba mtu ndiye haramu, swali linalofuata ni namna ya kumwondoa. Tukisema kwamba kilichokosekana ni hati, swali linalofuata ni kwa nini hati hiyo haikupatikana. Nashikilia kwamba swali la pili ndilo lenye manufaa. Katika miji kama Thika na Ruiru tumeweka sheria inayomruhusu jirani maskini aingie, ikamzuia asifanye kazi; kisha tunachukua jasho lake kila siku na kumkana mwenye jasho.

Hebu tutazame kwanza majina mengine tuliyo nayo kwa mtu yule yule aliyehama kwao kutafuta riziki. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Wazungu walifika Thika na Ruiru, wakagawiwa ardhi na serikali ya kikoloni, wakapanda kahawa na mkonge. Familia ya mwandishi Elspeth Huxley ilikuwa miongoni mwao, na kitabu chake cha 1959 kuhusu miti ya Thika kililifanya jina la mji huo lijulikane duniani. Watu hao hawakuomba kibali kwa waliowakuta. Kiswahili kiliwaita "walowezi", neno linalotokana na kitenzi "kulowea", yaani kuhamia ugenini na kukaa huko. Leo anayekuja na mtaji mkubwa, au na shahada na mkataba wa kampuni, huitwa mwekezaji au mtaalamu wa kigeni. Kijana wetu wa Kiambu aliyekwenda Marekani kwa viza ya masomo, ikaisha muda wake, naye akabaki huko akiwahudumia wazee katika nyumba za kutunzia wakongwe, huyo tunamwita dayaspora, tena kwa fahari. Lakini kijana wa Burundi anayetembeza njugu karanga katika kituo cha matatu, huyo ndiye mhamiaji haramu. Wote wanne walihama. Kinachotofautisha majina yao ni uwezo wao.

Na sasa tuitazame sheria, kwa maana wengi wetu hudhani kwamba asiye na kibali ni mtu aliyekataa kukiomba. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Burundi na Rwanda zilikuwa zimeingia katika Jumuiya mwaka 2007. Sudan Kusini ikafuata 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia ikawa mwanachama kamili mwaka 2024. Raia wa nchi mwanachama akifika mpakani na hati halali ya kusafiria, anaweza kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi sita. Kwa hiyo wengi wa hao tunaowaita haramu waliingia kwa mlango wa mbele, mchana, mbele ya afisa wa serikali.

Tatizo huanza wanaposhika kazi. Itifaki hiyo inazungumzia uhuru wa wafanyakazi, lakini kila nchi iliorodhesha makundi ya kazi ambayo iko tayari kuyafungulia milango, na orodha hizo ziliwafaa zaidi wenye taaluma na ujuzi uliothibitishwa kwa vyeti. Tena inataka mkataba wa kazi. Mchuuzi wa njugu atapewa mkataba na nani? Akigeukia vibali vya kawaida chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, atakuta kibali cha ajira kinachotaka mwajiri athibitishe kwamba hakupata Mkenya wa kuifanya kazi hiyo, na ambacho ada yake ya kawaida ni laki kadhaa za shilingi kwa mwaka. Atakuta pia kibali cha biashara, ambacho sharti lake ni mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani. Hata pale ambapo raia wa nchi jirani wameondolewa ada, masharti mengine yamebaki. Akifanya kazi bila kibali, sheria hiyo hiyo inatoa adhabu ya faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Tarehe 28 Novemba 2017, alipoapishwa kwa muhula wa pili katika uwanja wa Kasarani, Rais Uhuru Kenyatta aliwatangazia Waafrika Mashariki kwamba wanaweza kuja Kenya, wakafanya kazi, wakafanya biashara, wakamiliki mali na hata wakaoa au kuolewa hapa kama Wakenya. Lilikuwa tangazo jema. Lakini tangazo si kibali, na askari anapomsimamisha mtu barabarani hamwombi hotuba ya rais.

Je, watu hao wanatuletea nini? Kijana wa njugu hununua bidhaa yake kwa mfanyabiashara wa jumla, ambaye kwa kawaida ni Mkenya. Hununua makaa ya kuikaangia na karatasi ya kuifungia. Hulipa kodi ya chumba kila mwisho wa mwezi kwa mwenye nyumba wa Ruiru, ambaye huenda alijenga nyumba hizo kwa mkopo wa chama cha akiba na anategemea vyumba vijae ili aumalize. Fundi cherehani kutoka Kongo hununua vitenge na nyuzi madukani, akawashonea akina mama nguo za harusi kwa bei wanayoimudu. Kila mmoja wao akinunua sabuni, au mafuta ya kupikia yaliyotengenezwa hapo hapo Thika, hulipa asilimia 16 ya ushuru wa thamani kama nilipavyo mimi. Akinunua muda wa maongezi kwa simu yake, serikali huchukua sehemu yake papo hapo. Duka halimwombi kitambulisho kabla ya kumtoza.

Kwa hiyo si kweli kwamba mtu huyu halipi. Hulipa, lakini malipo yake hayaandikwi kwa jina lake. Na kuna malipo mengine ambayo hayafiki hazina ya taifa. Kusajili laini ya simu na kutumia huduma kama M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, kunahitaji kitambulisho, pasipoti au kadi ya mgeni. Asiye na hati halali hutumia laini ya mtu mwingine, naye mwenye laini hudai chake, au siku moja hutoweka na akiba yote. Mwajiri asiye na haya humpa nusu ya ujira, akijua kwamba hawezi kwenda kushtaki. Askari asiye mwaminifu humgeuza kuwa mahali pa kuchotea pesa. Hebu tujiulize: nani anafaidika pesa hizo zikiishia mifukoni mwa walaji rushwa badala ya kulipwa kwenye dirisha la serikali na kutolewa risiti?

Kati ya Wakenya wote, watu wa Thika na Ruiru ndio wangepaswa kuielewa hali hii kwa wepesi zaidi, kwani babu zao waliishi ndani yake. Sheria ya kikoloni ya kusajili wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na ujira wake, akaivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Aliyeondoka katika shamba la mlowezi bila mwajiri kuitia saini aliweza kukamatwa na kuadhibiwa. Mkikuyu au Mkamba aliyekuwa akichuma kahawa katika mashamba hayo aliweza kuwa mtoro katika nchi ya mababu zake kwa kukosa saini ya mgeni. Kipande kilikuwa mojawapo ya mambo aliyoyapinga Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, si mbali na Ruiru. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Kipande cha aina ile kilifutwa mwaka 1947, lakini miaka ya Hali ya Hatari ilileta vitabu vya pasi kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, na tarehe 24 Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil, ambapo maelfu ya watu wa Nairobi walikamatwa na kuchujwa kwa kuangaliwa karatasi zao.

Hadi leo wazee wetu wakitaja kitambulisho husema "kipande". Neno limebaki kama kovu. Lakini tumesahau funzo lake, nalo ni kwamba karatasi inaweza kumfanya mtu mwema aonekane mhalifu bila yeye kubadilika hata kidogo. Jana alikuwa kibarua. Leo karatasi imekosa saini, naye amekuwa mtoro. Mikono yake ni ile ile, na kahawa aliyoichuma imekwisha kusafirishwa ng'ambo.

Tukitoka kwenye historia, tuangalie upande wa pili wa barabara, yaani watu wetu walioko nchi za mbali. Benki Kuu ya Kenya ilirekodi kwamba mwaka 2004 Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani takriban dola milioni 338. Mwaka 2024 kiasi hicho kilikaribia dola bilioni 5. Chanzo kikubwa kuliko chochote ni Marekani. Fedha hizo hulipa karo, hospitali na ploti. Sensa ya 2009 ilihesabu takriban watu 239,000 mjini Ruiru; ile ya 2019 ikahesabu takriban 490,000. Mji haukui hivyo bila wajenzi, na baadhi ya magorofa yanayouzunguka yalijengwa kwa pesa zilizotumwa na watoto wetu, wengine wao wakiwa hawana hati halali huko waliko.

Nao wanaishi vipi huko? Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1996 inasema kwamba aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180, kisha akaondoka, anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka mitatu; akiwa alipitisha mwaka mzima, miaka kumi. Ndiyo maana katika mazishi mengi ya Kiambu kamera huwekwa kando ya kaburi, ili mtoto aliye Massachusetts au Georgia amwone mamaye akizikwa. Huyo hatumwiti haramu. Tunasema, "Maskini, hana makaratasi." Tazama jinsi lugha yetu inavyojua kusema kwa huruma pale inapotaka! Taasisi moja ya Marekani ya utafiti wa kodi, ITEP, ilikadiria kwamba wahamiaji wasio na hati nchini humo walilipa kodi ya dola bilioni 96.7 mwaka 2022. Sisi hutumia hoja za namna hiyo kuwatetea watu wetu, nazo ni za haki. Lakini hoja ya haki haina mipaka ya nchi. Mama wa Bujumbura anayengojea pesa za mwanawe aliye Thika ni sawa na mama wa Thika anayengojea pesa za mwanawe aliye Boston.

Kuna watakaosema kwamba nchi maskini haiwezi kuwapokea watu namna hiyo. Historia yetu inasema vingine. Idi Amin alipotwaa mamlaka nchini Uganda Januari 1971, wasomi wengi walikimbilia Kenya. Wakati huo hatukuwafungia kambini. Walimu wa Uganda waliajiriwa katika shule zetu za upili, wakafundisha sayansi, hisabati na Kiingereza, na kizazi kizima cha Wakenya walio wazee leo kiliandaliwa na chaki yao. Chuo Kikuu cha Nairobi kilimpokea Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda aliyekuwa uhamishoni. Hata kabla ya hapo, mwaka 1968, Taban lo Liyong, aliyekulia Uganda, aliungana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba kudai kwamba fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo yetu. Mwalimu wa fasihi anayeingia darasani leo Thika anavuna shamba ambalo wageni nao walililima. Mambo yalibadilika mapema katika miaka ya 1990, mamia ya maelfu ya watu walipokimbia vita vya Somalia na vya Sudan, nasi tukachagua siasa ya kambi. Na hata huko Kakuma, ambako wakimbizi wamebanwa na masharti mengi, uchunguzi wa Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC) uliotolewa mwaka 2018 ulikuta maduka na biashara zaidi ya 2,000.

Katika kaunti yetu ya Kiambu kuna mfano ulio karibu zaidi. Washona walifika Kenya karibu na mwaka 1960 kutoka Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe, wakiwa wahubiri na waumini wa kanisa lao. Wengi waliweka makao Kiambu na viungani mwa Nairobi, wakaishi kwa useremala na kusuka vikapu. Kwa zaidi ya nusu karne hawakuwa na uraia wa nchi yoyote. Watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa, wakazungumza Kikuyu na Kiswahili, lakini hawakuweza kufungua akaunti ya benki wala kununua ardhi kwa majina yao. Samani walizotengeneza ziliingia katika nyumba zetu. Wao wenyewe hawakuingia katika daftari letu. Tarehe 28 Julai 2021 serikali iliwapa uraia Washona 1,670, pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Kabla yao, Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai haki hiyo hiyo, wakaipata. Mbingu hazikuanguka. Waliokuwa wakifanya kazi gizani waliendelea kuifanya mwangani.

Sasa nijibu hofu mbili ambazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya vijana wetu. Wengi wamemaliza shule na vyuo na hawana ajira. Wanamwona mgeni akiuza njugu au akibeba mawe kwenye mjengo, wakasema kwamba amewanyang'anya. Hofu hiyo ina msingi mmoja wa kweli: mwajiri humpenda zaidi mtu asiyeweza kudai haki. Lakini tuone vizuri kilichomfanya mgeni awe rahisi. Si utaifa wake. Ni kukosa kwake hati. Mpe hati, naye atakuwa na ujasiri wa kudai ujira ule ule unaoudai wewe, na mwajiri atakosa sababu ya kukuruka. Sheria inayomwacha mfanyakazi mmoja bila kinga huteremsha bei ya kazi ya wafanyakazi wote. Fauka ya hayo, kijana wa njugu si chanzo cha uhaba wa ajira. Ukimwondoa leo, viwanda vilivyofungwa havitafunguka kesho.

Hofu ya pili ni ya usalama. Hatuwezi kusahau Westgate mwaka 2013 wala Garissa mwaka 2015, ambako wanafunzi wetu wa chuo kikuu waliuawa. Serikali ina wajibu wa kujua nani yuko nchini. Naam, na ndiyo maana nasema hati zipatikane. Mtu aliyesajiliwa anajulikana jina lake, chumba chake na alama za vidole vyake. Mtu anayemkimbia kila askari hawezi hata kupiga ripoti anapoona jambo la kutisha kwa jirani yake. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mwaka mmoja baadaye Garissa ilishambuliwa. Wapo pia wahalifu wanaosafirisha watoto na watu wenye ulemavu kuja kuombaomba katika miji yetu, na sheria ya 2010 dhidi ya biashara hiyo itumike kwa ukali wote. Lakini mwathiriwa anayejua kwamba yeye ndiye atakayefungwa hatamtaja mwovu aliyemleta.

Walimu wenzangu, jambo hili linaingia hadi darasani. Tangu mfumo wa kielektroniki wa kusajili wanafunzi, NEMIS, ulipoanzishwa mwaka 2017, usajili umeshikamanishwa na nambari ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto wa mama asiye na hati anaweza kusoma miaka kadhaa, akapenda shule, akaongoza katika hisabati, kisha majina ya mtihani wa taifa yanapopelekwa jina lake likakosekana. Tukumbuke mambo mawili. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto, wala hakisemi kila mtoto wa Mkenya, haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Na sheria ya kusajili vizazi na vifo inataka kila kizazi kinachotokea nchini kisajiliwe, uraia wa mama uwe wowote. Cheti hicho hakimfanyi mtoto kuwa raia; kinathibitisha tu kwamba alizaliwa. Wazazi wengi hawalijui hilo, nao huogopa kukaribia ofisi. Mwalimu mkuu anayewaeleza, tena mapema, na si wiki moja kabla ya mtihani, huenda akaokoa maisha ya mtoto mzima. Mwalimu hakuajiriwa kuwa afisa wa uhamiaji.

Nanyi wanafunzi, mtakapoandika insha au kujadiliana, chagueni maneno yenu. Semeni "wahamiaji wasio na hati" au "wafanyakazi wasio na kibali". Maneno hayo yanasema ukweli wa kisheria bila kuongeza laana. Wahariri wetu nao wanaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama yoyote.

Ama kwa serikali, ninaloliomba si kufungua mipaka kiholela. Naomba kibali cha kazi ndogondogo kwa raia wa nchi za Jumuiya: cha mwaka mmoja, kinachoweza kuombwa upya, kwa ada ambayo mchuuzi au fundi anaweza kuilipa kutokana na kazi yake, na kitolewe karibu na watu, kwa mfano katika Huduma Centre ya Thika, si katika ofisi za Nairobi pekee. Mwenye kibali hicho aandikishwe laini ya simu, alipe ushuru wa soko na kodi kwa jina lake, na aweze kumshtaki mwajiri anayemdhulumu. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imekwisha kufungua mlango kidogo, kwani inamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake na kunufaika na haki za mwana-Jumuiya. Lakini mtu hawezi kuacha hadhi moja kabla ya ile nyingine kuwa na maana mfukoni mwake.

Wazee wetu hawakuwa wajinga katika jambo hili. Kikuyu kina neno "mũhoi", litokanalo na kitenzi cha kuomba. Mũhoi alikuwa mtu asiye na shamba aliyeomba kwa wenyewe, akapewa mahali pa kulima. Hakuwa mwenye ardhi, lakini alikuwa na jina, na nafasi yake ilijulikana. Kiswahili nacho kinasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii wengi huitumia kumfukuza mgeni anayekawia, lakini sikilizeni maneno yake yenyewe. Haisemi siku ya tatu mpe fimbo, wala mpeleke kituoni. Inasema apewe jembe, yaani ahesabiwe miongoni mwa wanaolima. Wageni wetu wamekwisha kuingia shambani, wanalima kwa mikono mitupu, na mavuno tunayala. Kilichobaki ni sisi kuwakabidhi jembe hilo hadharani, na kuandika majina yao.